NYANYA INAYOCHANUA BILA KUZAA: SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAZI WA BUKOBA NA MULEBA

Wakazi wa Manispaa ya Bukoba na wa Wilaya za Bukoba na Muleba, pamoja na watumishi wanaotunza bustani ndogo nyuma ya nyumba zao, wanakumbushwa kwamba mche wa nyanya wenye majani ya kupendeza na maua mengi si lazima uwe mche utakaozaa. Mara nyingi maua ya manjano huonekana kwa wingi, hukaa siku chache, kisha hudondoka na kuacha vikonyo vitupu. Hapo mwenye bustani hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa, na mara nyingi dawa hiyo haina inachotibu. Fedha ya mboga imekwenda, nyanya inaendelea kununuliwa sokoni, na wadudu wanaohudumia kahawa ya jirani huenda wameuawa bure. Somo hili limekusudiwa kuwawezesha wenye bustani kutambua sababu kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Ua la nyanya linavyotunga tunda

Ua la nyanya lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike ndani ya ua moja. Chavua, yaani ule unga wa manjano, imefichwa katika vifuko vyembamba vilivyoshikana na kufanya umbo la pia, na sehemu ya kike imo katikati ya pia hiyo. Ua huning'inia likitazama chini, na chavua humwagika kama unga unavyotoka kwenye chekeche. Chekeche isipotikiswa unga hautoki. Hivyo basi, ingawa ua la nyanya hujitosheleza lenyewe na halihitaji mche wa pili, bado linahitaji kutikiswa.

Kazi hiyo hufanywa na upepo, na pia na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za mapaa, ambao hulikumbatia ua na kulitetemesha kwa mtetemo wa misuli ya kifua chao. Nyuki wa asali hawana ustadi huo, na kwa kuwa ua la nyanya halina mbochi, hawavutiwi nalo sana. Mtu mwenye mzinga karibu na bustani asidhani kwamba kwa sababu hiyo pekee nyanya zake zimepata mtumishi.

Ua lisipopata chavua, kikonyo chake hugeuka manjano penye kifundo kilicho katikati, kisha hukatika hapo hapo na ua zima huanguka. Dalili hii ni muhimu. Kikonyo kilichokatika penye kifundo bila doa wala tundu kinaonyesha kwamba ua halikutunga. Kikonyo chenye madoa meusi, au ua lenye tundu na kinyesi cha funza ndani yake, linaonyesha ugonjwa au mdudu. Ifahamike pia kuwa si kila ua hutunga. Kishada cha maua sita kikibaki na matunda manne, mche huo hauna kasoro. Kishada cha kwanza aghalabu hupoteza maua mengi kuliko vile vinavyofuata, na hali hiyo isimtie mtu wasiwasi.

Joto si mshtakiwa wa kwanza Bukoba

Vitabu vingi vya bustani hutaja joto kuwa sababu kuu ya maua kudondoka. Maelezo hayo ni ya kweli mahali pake. Chavua ya nyanya huharibika joto la mchana linapopita nyuzi 32 hivi za Selsiasi, hasa ikiwa usiku nao unabaki juu ya nyuzi 21. Mtumishi aliyewahi kulima nyanya Dar es Salaam katika miezi ya Januari hadi Machi ameyaona hayo kwa macho yake.

Lakini mji wa Bukoba uko kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Kamachumu na Nshamba ziko juu zaidi. Joto la mchana Bukoba kwa kawaida ni nyuzi 25 hadi 27, na usiku hushuka hadi nyuzi 15 au 17. Hilo ndilo joto ambalo nyanya hulipenda. Mwenye bustani wa Kashai, Rwamishenye au Kamachumu anayelilaumu jua kwa maua yake kudondoka anamwonea. Sababu itafutwe kwingine, na mara nyingi iko katika kibanja chenyewe.

Kibanja kilitengenezwa kwa ajili ya mgomba

Udongo wa asili wa sehemu kubwa ya Bukoba na Muleba umetokana na mawe ya mchanga, na mvua nyingi za ukanda wa ziwa zimeusafisha rutuba yake kwa muda mrefu. Hali hiyo huonekana wazi katika rweya, yale majani ya wazi yaliyo nje ya makazi. Kibanja cheusi chenye migomba, kahawa na maharage ni kazi ya mikono ya watu: vizazi kwa vizazi samadi ya ng'ombe, majivu, mabaki ya jikoni na nyasi zilizokatwa rweya vilirundikwa mahali pamoja. Rutuba ya kibanja ni urithi.

Urithi huo hata hivyo unamfaa mgomba, mmea unaokula sana na kuvumilia kivuli cha wenzake. Nyanya ikipandikizwa katikati ya migomba hukutana na mambo matatu kwa mara moja.

La kwanza ni kivuli. Nyanya inahitaji jua kamili kwa muda usiopungua saa sita kila siku. Ikikosa jua, hurefuka ikilitafuta, shina huwa jembamba, na chakula kinachotengenezwa na majani hakitoshi kulisha majani na maua. Mche unapobanwa hivyo huyaacha maua kwanza. Hapa kuna jambo ambalo wenye bustani wengi hawalizingatii. Bukoba iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi Desemba upande wa kusini. Mgomba wenye urefu wa mita 4 mwezi Juni hutupa kivuli cha karibu mita 2 kuelekea kusini hata wakati jua liko juu kabisa, na asubuhi na jioni kivuli hicho huwa kirefu mno. Tuta la nyanya za kiangazi likiwekwa mara tu kusini mwa migomba litaonekana liko wazi siku ya kulimwa mwezi Machi, na litakuwa gizani siku ya maua. Wanaopanda kwa ajili ya kiangazi wahakikishe upande wa kaskazini wa tuta uko wazi, na upande wa mashariki pia, ili jua la asubuhi likaushe umande mapema.

La pili ni samadi. Naitrojeni ikizidi, nyanya hukua majani na kusahau kuzaa. Dalili zake hazifichiki: majani ni ya kijani kizito na yamejikunja kidogo kuelekea chini, shina ni nene, machipukizi yanatoka katika kila kwapa la jani, na vishada vya maua ni vichache au dhaifu. Mche wa namna hii husifiwa na kila mpita njia. Mwenye bustani naye, akiona hauzai, huuongezea samadi mbichi au kijiko cha urea, naye kwa kufanya hivyo anazidisha ugonjwa. Katika kibanja kilichotunzwa vizuri, debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita mbili za mraba, likichanganywa na udongo kabla ya kupandikiza, linatosha, na penye udongo mweusi sana hata hilo linaweza kuachwa. Baada ya maua kuanza, samadi isiongezwe mpaka matunda ya kwanza yafikie ukubwa wa gololi. Majivu ya kuni, konzi moja kwa mche, yakifukiwa kidogo pembeni, huongeza potasiamu na kupunguza ukali wa udongo, yasizidishwe.

Wenye tabia ya kununua zile mbolea za maji za kupuliza, ambazo madukani huitwa busta, wasome namba tatu zilizoandikwa kwenye chupa. Namba ya kwanza ni naitrojeni. Ikiwa ni kubwa kuliko nyingine mbili, dawa hiyo inaongeza majani kwa mche ambao tayari una majani ya kutosha.

La tatu ni hewa iliyotulia. Upepo wa ziwa huvuma mchana karibu kila siku, lakini migomba iliyosongamana huuzuia. Katikati ya kibanja jani la mgomba linaweza kuchezacheza juu huku ua la nyanya likiwa halitikisiki kamwe.

Kwa hiyo pahali pazuri pa nyanya ni ukingoni mwa kibanja au katika uwanja wa nyumba, penye jua na upepo. Familia isiyo na nafasi hiyo ipande miche sita katika ndoo au viroba vilivyotobolewa chini na kuviweka mahali pa wazi; miche sita inayozaa ina faida kuliko thelathini iliyo kivulini.

Mvua na wakati wa maua

Mji wa Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi Aprili ndio mzito kuliko yote. Ua la nyanya lililoloa, au lililozungukwa na hewa yenye unyevu mwingi, chavua yake hushikana kama unga uliomwagikiwa maji. Hata likitikiswa haitoki. Unyevu huo huo hualika ugonjwa wa bakajani chelewa, unaopenda hali ya ubaridi na maji na unaoweza kumaliza bustani kwa siku chache.

Desturi ya kupandikiza nyanya mvua zinapoanza, kama maharage, ndiyo inayopeleka maua kwenye mvua kubwa. Inafaa zaidi mwenye bustani aanze kuhesabu kutoka siku anayotaka maua yafunguke, na kurudi nyuma. Miche hukaa kitaluni kama wiki nne, na baada ya kupandikizwa huchukua wiki nne hadi sita kutoa maua. Anayetaka maua katika mwezi Juni, mvua za masika zikiwa zimepungua, asie mbegu mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na kitalu kiezekwe. Anayetaka maua katika kipindi kifupi cha Januari na Februari asie kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba. Pande za kusini mwa Muleba, kama Kimwani, mvua ni chache kuliko ukanda wa ziwa. Huko tatizo huwa kinyume, yaani ukavu. Mche ukinyauka mchana na kumwagiliwa kwa mafuriko siku ya tatu hudondosha maua pia. Maji kiasi, kwa siku zinazolingana, na matandazo ya nyasi kavu hutibu hali hiyo.

Maji yamwagwe shinani, si juu ya majani, na ifanyike asubuhi. Miche isimikiwe fito na kufungwa kwa kamba za migomba, na machipukizi ya makwapani yaondolewe katika aina ndefu kama Moneymaker ili hewa ipite. Aina fupi kama Roma hazihitaji kuondolewa machipukizi kwa wingi, na anayezinyoa kwa bidii anakata vishada vyake mwenyewe.

Jaribio la siku kumi

Kabla ya kununua chochote, mwenye bustani anashauriwa kufanya jaribio lifuatalo, lisilogharimu hata senti moja. Achague miche minne inayofanana. Katika kila mche achague kishada kimoja ambacho maua yake ndiyo kwanza yanafunguka, akifunge alama kwa uzi wa mgomba, na aandike idadi ya maua. Miche miwili aiache kama ilivyo. Miwili mingine, kila siku isiyo na mvua, apige fito yake kidogo kwa kijiti, au aguse kishada kwa ncha ya kidole mara tatu nne hadi unga wa manjano uonekane ukianguka.

Saa za kazi hiyo zina maana. Vitabu hutaja saa nne asubuhi, lakini Bukoba iko mbali magharibi mwa nchi, na jua lake hufika juu kabisa karibu saa saba mchana. Umande huchelewa kukauka. Saa tano hadi saa tisa ndio muda unaofaa, na mtumishi anayerudi nyumbani kwa chakula cha mchana anaweza kuimaliza kazi hiyo kabla chakula hakijapakuliwa.

Baada ya siku kumi matunda madogo yahesabiwe. Ikiwa miche iliyotikiswa imetunga na ile mingine haikutunga, kilichokosekana ni mtikisiko tu; bustani inahitaji upepo au mkono wa mtu. Ikiwa yote minne imeshindwa na majani ni mazito ya kijani, sababu ni samadi. Ikiwa miche ni mirefu, myembamba na yenye majani ya kijani hafifu, sababu ni kivuli, na hapo hakuna dawa isipokuwa kupunguza majani ya migomba ya jirani au kuhamisha tuta msimu ujao. Ikiwa majani yamekunjamana, yamepauka pembeni na mche umedumaa, huo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe. Mche ung'olewe na kufukiwa, maana haponi.

Wenye bustani za rweya, na wakazi wa visiwa vya Muleba kama Bumbire, Ikuza na Goziba, wasichukue kila neno lililosemwa juu ya kibanja kuwa ni lao. Penye udongo mwepesi usio na historia ya samadi, mche unaodondosha maua mara nyingi una njaa: majani ya chini huwa ya manjano au yenye rangi ya zambarau upande wa chini. Huko samadi inahitajika, na mbolea ya fosfati ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, hufaa kwenye udongo wenye tindikali wa aina hiyo. Na penye upepo mkali wa ziwa, uzio wa matete wenye nafasi za kupitisha hewa huzuia maua kukatika. Ukuta mzima huzuia hata upepo unaohitajika.

Tatizo jingine linalochanganywa na hili ni kuoza kitako. Tunda limetunga na kukua, kisha upande wake wa chini huwa mweusi na mkavu. Hapo ua lilifanya kazi yake. Tatizo ni kalisi kutofika kwenye tunda, aghalabu kwa sababu ya kumwagilia maji bila utaratibu.

Kuhusu kupuliza dawa

Kupuliza dawa ya wadudu kwenye maua yanayodondoka bila mdudu yeyote kuonekana ni hasara mara mbili. Kahawa inayolimwa zaidi Bukoba na Muleba ni Robusta, na mbuni wa Robusta, tofauti na wa Arabika, hauwezi kujitungisha: lazima chavua itoke mbuni mwingine, ikiletwa na upepo na wadudu. Dawa iliyopulizwa saa sita mchana kwenye nyanya kumi inapeperuka hadi kwenye kahawa iliyochanua hatua chache kando yake, mali ya mwenye bustani mwenyewe au ya jirani ambaye hakuulizwa.

Dawa ina nafasi yake penye adui anayejulikana. Nondo wa kantangaze, aliyeonekana nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2014, huacha mapito meupe kwenye majani na matundu kwenye maua na matunda. Bakajani huacha madoa meusi yanayotanuka. Katika hali hizo itumike dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, jioni wadudu wachavushaji wakiwa wamerudi, kwa kipimo cha kwenye lebo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabiwe kwa uaminifu. Nyanya za nyumbani huliwa na watoto wa nyumbani.

Wale ambao wakati wa kiangazi huteremsha bustani zao karibu na maji, iwe ufukweni mwa ziwa au kandokando ya Mto Kanoni, wanakumbushwa kuwa kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Maji yachotwe na kupelekwa bustanini.

Mwenye shaka baada ya jaribio achukue kishada kizima chenye maua yaliyobaki, pamoja na majani mawili ya juu na mawili ya chini, avifunge katika gazeti kavu na kuvipeleka siku hiyo hiyo kwa Afisa Ugani wa Kata. Sampuli isifungwe katika nailoni, kwani huoza njiani. Aeleze pia tuta liko upande gani wa migomba, samadi ilitiwa lini na kiasi gani, na mvua ilinyesha siku ngapi tangu maua yafunguke.